Utepe Usio na Doa

Enzi za Mdachi, watu wa Morogoro walikuwa na mahali pawili pa kupeleka kesi zao. Kesi za watu zilipelekwa bomani. Kesi za picha zilipelekwa kwa Mikidadi, mpasua ulanga.

Ulanga, lile jiwe linalopitisha mwanga kama kioo, ulishushwa kutoka milimani vichwani mwa wapagazi, mabonge yenye kumetameta, mpaka kwenye ghala moja karibu na stesheni. Hapo Mikidadi alikaa mkekani, kisu kidogo mkononi, akilipasua bonge jani baada ya jani, kila jani jembamba kama ganda la kitunguu. Aliliinua kwenye mwanga wa mlango, akafumba jicho moja. Likiwa safi liliingia kapu la kulia, likasafiri mpaka Ulaya likawe kioo cha taa au cha jiko. Likiwa na doa pembeni, alilikata doa. Likiwa na doa katikati, alilitupa lote kwenye rundo lililokuwa nyuma ya ghala, rundo lililong'aa jua likilipiga hata watoto wakadhani ni fedha. Miaka mitano alikuwa akifanya hivyo. Watu walisema Mikidadi huliona doa kabla halijaingia, naye hakuwakanusha, maana unyenyekevu haukuwa miongoni mwa maradhi yake.

Basi mwaka wa tano tangu reli ifike, wakati wa kiangazi, alishuka kwenye gari moshi Mgoa mmoja aitwaye Leonard, na kasha lililobebwa na watu wawili kwa tahadhari kama jeneza la mkubwa. Ndani mlikuwa na mashine ya picha zinazokwenda. Leonard hakutumwa na kampuni wala serikali. Mashine aliinunua mwenyewe, na picha zake alizipata kwa mabaharia waliozitoa huko na huko, kazi za watu wadogo wadogo wa nchi za mbali ambao hata yeye hakujua majina yao. Alikodi ghala tupu la pamba, akaziba madirisha kwa magunia, akawasha taa ya karabai nyuma ya mashine. Kila alasiri, swala ya alasiri ikisha, watu waliingia kuangalia picha zikienda juu ya shuka jeupe.

Aliyezungusha mpini wa mashine aliitwa Pazi, Mzigua wa Handeni, kijana mrefu mwenye maneno machache na mkono usiotetereka. Na kwa kuwa Pazi ni Mzigua na Mikidadi ni Mluguru, walikuwa watani. Siku ya kwanza tu Pazi alimnyang'anya Mikidadi kofia, akaikalia. Mikidadi akamwambia Wazigua ndivyo walivyo, wakiona kofia hudhani ni kiti. Wakacheka, na urafiki ukaanza.

Mikidadi aliingia siku ile ya kwanza, na tangu hapo hakukosa. Picha zikiisha, watu walitoka nje wakamzunguka. "Haya, Mikidadi, unasemaje?" Naye alifumba jicho moja, akahukumu.

Kulikuwa na picha ya mpishi mnene aliyefukuzwa na bata bukini kuzunguka meza. Ghala zima lilikufa kwa kicheko. Mikidadi hakucheka. "Bata yule alifundishwa," alisema. "Mtazameni shingo yake, anamtazama mtu aliye pembeni tusiyemwona, anangoja punje yake. Mpishi anaogopa peke yake." Kesho yake watu waliingia, wakaitazama shingo ya bata, na kicheko kikapungua nusu. Kulikuwa na picha ya gwaride la askari wa Ulaya. "Wanapita," alisema, kwa sauti ya chini maana mnyapara wa bomani hakuwa mbali. "Wakisha kupita, wanapita tena. Hiyo tunaiona hapa kila siku, na hatutoi senti kuiona."

Na kulikuwa na picha fupi ya mzee mmoja wa Kizungu, amesimama mlangoni, vitu vyeupe kama pamba vinamwangukia begani. Analetewa barua. Anaisoma, anaikunja, anaingia ndani, anafunga mlango. Basi, imekwisha. Watu walipiga kelele kwamba wameibiwa. Mikidadi alinyamaza siku mbili nzima, kisha akasema, "Hiyo ndiyo picha. Hamkuona alivyoufunga ule mlango? Aliufunga kama mtu aliyelaza mgonjwa ndani." Siku iliyofuata ghala lilijaa mpaka watu wakakaa sakafuni, wamekuja kuona mlango ukifungwa, na wanawake wawili walitoka wakifuta macho.

Leonard hakuwa mjinga. Aliona kwamba picha aliyoisifu Mikidadi ilijaza ghala, na aliyoikataa ilibaki na panya. Akaanza kumuuliza kabla ya kuonyesha. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno ya kazi tu, cha ndiyo na hapana, weka na toa, na jawabu alilotaka lilikuwa la namna hiyo hiyo.

Sasa, ile mashine ilikuwa na akili mbili. Ilionyesha picha, na ukiitia utepe mpya, ilizikamata pia. Leonard alikuwa na kipande cha utepe kilichobaki, akampa Pazi ajaribu mkono. Pazi akaibeba mashine mpaka kwenye kivuko cha mto Morogoro, siku ya soko, akaisimamisha juu ya miguu yake mitatu. Wanawake wa milimani walikuwa wakishuka na ndizi na mboga vichwani. Miongoni mwao alikuwa Chausiku, mke wa Mikidadi.

Chausiku hakuishi mjini siku zote. Shamba la ukoo wao lilikuwa juu ya Bigwa, na mama yake alikuwa mtu mzima asiyeweza jembe, kwa hiyo Chausiku alikaa huko na binti yao mdogo, Asia, akashuka siku za soko na kulala kwa mumewe siku mbili tatu. Alivuka mto na kapu kichwani. Pazi akamwita, "Rudi, dada, vuka tena, mashine haikushika vizuri." Chausiku akasimama katikati ya maji, akaligeuza kapu kidogo kichwani, akacheka, akajifuta maji usoni kwa kiganja cha mkono. "Miguu yangu si ya kukodi!" alimjibu, akaendelea na safari yake. Hayo yote mashine ilikuwa ikiyashika.

Picha ile ilionyeshwa siku moja tu, alasiri ya Jumatano, na Chausiku alikwisha kurudi Bigwa. Mikidadi alikaa benchi la mbele. Alimwona mkewe akitokea kwenye matete, mdogo kwanza, kisha mkubwa kuliko mlango. Alimwona akisimama. Akaliona lile kapu likigeuzwa, kile kicheko kisicho na sauti, kile kiganja usoni. Miaka saba alikuwa amemwoa Chausiku, na hakuwahi kujua kwamba hujifuta uso kwa kuanzia kidevuni kwenda juu. Kifua kilimjaa. Nikisema aliipenda picha ile nitakuwa nimepunguza. Aliiona kuwa bora kuliko mzee wa barua, bora kuliko zote, na kama ingekuwa kazi ya Mgoa au ya Mdachi angesimama pale pale akaitangaza.

Lakini ilikuwa kazi ya Mzigua, na Mluguru gani humsifu Mzigua mbele za watu? Utani una adabu yake. Mtani hupewa matusi kama mgeni apewavyo maji, na anayetukana vizuri hatabasamu. Watu walipomzunguka nje, na Pazi amesimama mlangoni akifuta mikono, Mikidadi alifumba jicho moja.

"Jamani," alisema, "Mzigua kaazimwa jicho, kaliweka mgongoni. Tumeletewa mto ambao tunauoga, na wanawake ambao tunawalisha. Yule mmoja kasahau njia katikati ya maji, anafanana na kuku aliyenyeshewa. Nani atoke kwake kuja kuona mke wake akichelewa sokoni?"

Watu walianguka chini kwa kucheka. Pazi naye alicheka, akajibu kwamba Mluguru hapendi picha isiyo na ukungu. Ikawa ngoma droo, kama ilivyotakiwa.

Kesho yake asubuhi Leonard alikuja mpaka ghala la ulanga, Pazi nyuma yake. "Mikidadi. Ile picha ya mto. Nzuri? Mbaya?"

Hapo ndipo penyewe. Mtu alikuwa ameuliza kwa dhati, na jawabu la dhati lilikuwepo, limekaa ulimini. Lakini Pazi alikuwa amesimama pale pale, na wapasuaji wenzake wameinua vichwa wakingoja kicheko. Mikidadi hakutaka kuwanyima. Aliinua jani la ulanga kwenye mwanga, akajibu bila kumtazama mtu, "Ile? Kaioshe, Bwana Leonard. Imechafuka Uzigua mwingi."

Wenzake wakacheka. Leonard hakucheka. Aliitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyeandikiwa dawa, akasema, "Ndiyo. Osha," akaenda zake. Pazi alichelewa kidogo kumfuata. Alisimama, akamtazama Mikidadi kana kwamba kuna neno lingine linakuja. Mikidadi alikuwa amekwisha kushika bonge jingine.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Lakini usaha hautumbuki siku ile ile, ndiyo maana binadamu hatukomi.

Haikupita wiki, Leonard akaja tena ghalani, safari hii na zawadi. Ilikuwa utepe mwembamba uliokunjwa duara, laini, wa kupinda bila kuvunjika, na mwangavu kabisa. "Wewe unapenda safi," alisema. "Chukua." Mikidadi aliunyanyua kwenye mwanga wa mlango, na wapasuaji wote wakakusanyika. Hata ulanga wa juu kabisa haukuwahi kuwa mweupe vile. "Angalieni!" alisema. "Hiki ndicho kitu safi. Hakina doa hata moja." Kisha akafika mwishoni mwa utepe, pale ambapo vidole vya mtu huushika, akaona lipo doa moja, jeusi, dogo kama punje ya mchele. Mkono wake haukungoja fikira. Alichukua kisu, akalikata lile doa, akalitupa na takataka nyingine za ulanga.

Ijumaa Chausiku alishuka kabla ya siku ya soko, na Asia mgongoni. Wanawake wenzake walikuwa wamemwambia kwamba ameonekana shukani, mkubwa kama nyumba. Alikuwa amevaa kaniki mpya. "Baba Asia, nipeleke nami nikajione," alisema. "Kwanza niambie, nimetokeaje?"

"Kama kuku aliyenyeshewa," alisema Mikidadi, maana mzaha ulioshangiliwa mjini haukosi kurudiwa nyumbani.

Chausiku alicheka, lakini si sana. Wakaenda ghalani. Picha ya siku ile ilikuwa ya mpishi na bata. Ile ya mto haikuonyeshwa. Chausiku alingoja mpaka taa ikazimwa, akauliza, "Yangu je?" Mikidadi akamwambia itaonyeshwa siku nyingine, kwani picha huondoka? Angeweza kwenda kumuuliza Leonard, hatua kumi tu. Hakwenda. Jioni ile, kumfuta machozi yasiyotoka, alimtolea ule utepe mweupe. Chausiku akauweka jichoni, akautazama mlango, akamtazama mwanawe, akamtazama mumewe.

"Mbona hakuna kitu?" alisema.

"Ndio uzuri wake," alijibu Mikidadi.

Mwisho wa kiangazi Leonard na Pazi walipanda gari moshi kwenda Kilosa na bara. Mvua za masika zilipofika, Chausiku alishikwa na homa huko Bigwa. Siku ya tatu walimwita Mikidadi, siku ya saba walimzika. Hivyo tu. Mtu aliyekuwa na miguu isiyokodishwa, homa ilimchukua bila hata kuuliza bei.

Huzuni ya Mikidadi nisiieleze sana, kila aliyefiwa anaijua. Lakini kulikuwa na jambo lililomsumbua yeye peke yake. Asia alikuwa na miaka minne. Aliulizia mama kwa siku kadhaa, kisha akaanza kuulizia kidogo, na baba yake aliona jinsi sura ile ilivyokuwa ikifutika katika kichwa cha mtoto. Ndipo alipokumbuka mto, na akashika tumaini moja kwa mikono miwili. Picha ipo. Leonard atarudi, kiangazi hicho au kinachofuata. Atamketisha Asia benchi la mbele, amwambie, "Yule pale, yule anayecheka." Aliyasema haya kwa mama mkwe wake, akayasema ghalani, akayasema msikitini. Alikuwa na hakika nayo kama ya kuchwa na kucha.

Siku ya arobaini, Pazi alitokea. Walikuwa wameshuka stesheni asubuhi ile, akasikia habari, akapanda Bigwa kwa miguu. Mtani hakosi matanga. Alifika watu wanakula wali, akafanya yale watani wafanyayo. Akapora kapu la mama mmoja, akalitia kichwani, akajifunga kaniki kiunoni, akajitokeza kwenye migomba nyuma ya nyumba akitembea kama marehemu.

Waombolezaji waliangua kicheko, kisha kicheko kikawakwama. Maana Pazi hakuwa akiigiza ovyo kama watani wengine, wa kutia chumvi na kukata viuno. Alitembea hatua zile zile. Alisimama mahali pasipo na maji kana kwamba ana maji magotini. Aliligeuza kapu kidogo. Alicheka bila sauti. Kisha akajifuta uso kwa kiganja, kuanzia kidevuni kwenda juu.

"Mama!" alisema Asia, akapiga makofi.

Mikidadi alitoka kwenye mkeka, akamshika Pazi mkono, akamvuta mpaka kando ya shamba. Alikuwa akilia na kucheka pamoja. "Mtani, Mungu akuweke. Umeitazama ile picha mara ngapi hata ukajua hivyo? Sikiliza. Nataka kuiona. Kesho. Mwambie Bwana Leonard nitafanya kazi yoyote atakayo. Mtoto amwone mamake."

Pazi alilivua kapu kichwani. "Picha gani?"

"Ya mto."

"Si uliiosha?"

"Niliosha nini mimi?"

"Ulimwambia aioshe," alisema Pazi. "Picha mbovu Bwana Leonard huziosha. Maji ya moto na magadi, picha inatoka, unabaki utepe mweupe. Huuza ule utepe. Ile yako hakuiuza, alikupa."

Migomba ilitikisika kidogo, na upande wa pili wa nyumba watu walikuwa wameanza tena kuzungumza.

"Ulikuwa utani," alisema Mikidadi. "Pazi, wewe unajua ulikuwa utani!"

"Mimi najua. Yeye ni Mgoa, yeye si mtani wako."

"Sasa kwa nini hukumwambia?"

Pazi alilizungusha lile kapu mikononi. "Nilitaka kumwambia. Nikangoja uje kwanza, uniambie pembeni, tukiwa wawili. Neno moja tu. Siku mbili nilingoja, utepe uko kwenye beseni haujatiwa maji. Hukuja. Nikasema basi, labda kwenye ule utani mna ukweli. Huyu si yule anayejua picha?" Akaliweka kapu chini, akaongeza, "Niliiosha mwenyewe, kwa mikono hii. Mwisho wake sikuusugua. Pale nilipoushika, niliuacha mguu mmoja wa marehemu, unatoka majini. Nilidhani utauona, wewe hukosi kuona doa. Nilidhani utakuja kuniuliza."

Siku ile ile Mikidadi alishuka mjini, hakungoja dua ya mwisho. Watu waliomwona walisema alikuwa akitembea kama mtu aliyeacha chungu motoni. Alipita stesheni, akapita mlango wa ghala, akaenda nyuma, kwenye lile rundo la takataka. Lilikuwa limekua. Masika yote yalikuwa yamelinyeshea, na miezi yote ile yeye mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa akiliongezea. Akapiga magoti, akaanza kuchambua jani baada ya jani. Kila jani aliliinua kwenye mwanga, akafumba jicho moja. Kila lililokuwa safi alilitupa. Kila lenye doa alilisogeza karibu na jicho, akalitazama sana, akaliweka kando taratibu.

Pazi alimkuta hapo jua likielekea nyuma ya vilima vya Mzinga. Mikono ya Mikidadi ilikuwa imechanikachanika, inang'aa vumbi la ulanga mpaka viwikoni. Pazi alichuchumaa upande wa pili wa rundo. Naye akaanza kuchambua.

Walifanya kazi mpaka mwanga ukaanza kufifia. Kisha Mikidadi alisema, macho yake kwenye jani aliloshika, "Picha yako ilikuwa nzuri, mtani. Ilikuwa nzuri kuliko zote."

Pazi alitafuta tusi la kumjibu, kama desturi ilivyotaka. Akalitafuta sana, na hakulipata.